Shati la Vifungo vya Kushoto

Mama Futi hakuwa mwanamke wa kupekua vitu vya mumewe. Hilo alilisema mwenyewe, mara nyingi mno kwa mtu ambaye hajaulizwa. Siku hiyo alipanda juu ya kiti kutafuta blanketi juu ya kabati, na mkono wake ukagusa mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na shati.

Jina la Mama Futi alipewa na wateja kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni, hata akiwa mezani anakula. Alikuwa fundi cherehani, tena si wa kubabaisha. Mabibi harusi walipanga foleni kwake. Ukimsalimia njiani na uzi unaning'inia kwenye pindo lako, aliukata kwanza ndipo akaitikia. Mumewe, fundi umeme, alivaa mashati aliyoshona yeye tu. Ilikuwa sheria ya nyumba, ingawa hakuna aliyewahi kuitangaza.

Sasa hili la samawati, lililopauka kola, lililokunjwa vizuri kuliko kitu chochote ambacho mumewe aliwahi kukunja, lilishonwa na nani?

Akalipima. Mabega yalikuwa yale yale. Kifua kilikuwa kile kile, ila cha kabla ya kitambi. Kisha akaona vifungo. Vilikuwa kushoto, upande wa blauzi, na shati la kiume vifungo vyake hukaa kulia. Basi aliyeshona alikuwa mwanamke, aliyezoea kujishonea nguo zake mwenyewe, akamshonea na mume wa mtu.

Kwamba shati lilikuwa la zamani hakukumpoza. Kipya huvaliwa kikachakaa kikatupwa. Cha zamani kinachofichwa ndicho cha kuogopwa. Na kilichomkereketa zaidi ni ubovu wa lile shati. Mashati yake yeye, yaliyonyooka kama rula, mumewe alitambaa nayo juu ya dari za watu na kufutia grisi. Hili bovu likawekwa kama yai!

Akalibeba mpaka chumba chake cha kushonea, akalibwaga mbele ya mpiga pasi wake, mwanamke asiyeweza kukaa na neno mdomoni.

"Tazama kazi ya mwenzangu."

"Mwenzako yupi tena, dada?"

"Ningemjua ningekuwa hapa? Angalia kola, sikio moja refu, jingine fupi. Pindo linapanda na kushuka kama mlevi. Na mkono huu umevutwa mpaka umekunjamana kwapani. Ndiye aliyenishinda mimi huyu?"

"Labda alikushinda kwa mengine," mpiga pasi akasema, kisha akajifanya anatafuta maji ya kunyunyizia.

Mama Futi akachukua wembe. Alisema anataka kuonyesha tu jinsi mshono ulivyo dhaifu, lakini alifumua huku amekaza meno, uzi baada ya uzi, na mkono wa kulia wa shati ukaachia, ukaanguka mezani. Hapo ndipo mumewe alipoingia na mfuko wake wa vifaa. Mpiga pasi alikuwa amemwita tangu asubuhi, waya wa pasi ya pili ulikuwa unatoa cheche.

Alilitazama shati, akaketi juu ya gunia la vipande vya vitambaa bila kuambiwa karibu.

"Umelikata?"

"Nimelifumua. Sasa niambie, ni nani?"

"Nani nani?"

"Aliyekushonea, mume wangu. Usinizungushe, leo sina subira."

"Wewe."

Mpiga pasi aliinua pasi kutoka kwenye nguo ya mteja asije akaiunguza.

"Mimi? Mimi nilikushonea la kijivu! Siku ya kwanza ulipokuja kwa mwalimu wangu wa cherehani."

"Hiyo ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza mwalimu wako alimpa kazi mwanafunzi mmoja aliyekuwa hajashona kitu zaidi ya blauzi. Nilipokuja kuchukua, mwalimu akaona haya, akaniambia liache, tutakushonea jingine. Nikamsikia mtu analia nyuma ya pazia. Nikasema nalitaka hilo hilo."

Mama Futi akakaa. Pazia alilikumbuka. Samawati alikuwa ameisahau, au aliitaka isahaulike. Mwalimu, Mungu amrehemu, alimwambia lile shati limekatwa madekio ya kufutia sakafu.

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ungelifumua ulishone upya. Nakujua."

"Nyani haoni kundule!" mpiga pasi akapasuka kwa kicheko. "Pindo linapanda na kushuka kama nani vile, dada?"

Mama Futi hakucheka. Wivu ulikuwa bado umekaa pale pale, ila sasa ulikuwa umepata mtu wa kumwelekea, na mtu huyo hakuwa na hata uwezo wa kukata kitambaa bila kutetemeka.

"Kumbe ulimpenda yule," akasema. "Sio mimi."

"Yule alikuwa analia huku akifumua na kurudia. Nilirudi na kitambaa cha kijivu nione kama ataweza."

"Akaweza?"

"Unaniuliza na futi shingoni?" Kisha akasukuma ule mkono wa shati kuelekea cherehani. "Nirudishie lilivyokuwa, mke wangu."

Mama Futi akaweka kitambaa chini ya sindano. Alikusudia kuvuta kwapani kama yule alivyovuta, lakini vidole vilijipanga vyenyewe na mshono ukatoka umenyooka. Akafumua. Akajaribu tena, taratibu, akiutazama mkono wa pili ili auigize. Ukanyooka tena. Mara ya tatu machozi yalikuwa yakidondokea kitambaa na kicheko kikimtikisa mabega.

"Siwezi," akasema. "Kukosea hivi kumenishinda."

"Basi liache hivyo hivyo."

Mumewe akalivaa pale pale juu ya fulana, mkono mmoja wa yule msichana, mmoja wa mkewe. Akafunga vifungo vya kifuani, vya tumboni vikagoma. Vile vya kifuani alivifunga kwa upande ule wa kinyume bila hata kuvitazama, kama mtu aliyezoea.