Shati la Baba Emmah

Aliyeaibishwa alikuwa Muriithi, na Muriithi mwenyewe alishasema yaishe. Mkewe Warigia ndiye aliyekataa kusahau.

Ilikuwa siku ya ruracio, wakwe wamekuja kujadili mahari ya binti wa shangazi yao. Njau, kaka mkubwa wa Muriithi, alimsimamisha katikati ya wageni akawaonyesha jinsi vesti yake nyeusi ilivyojichora ndani ya shati jeupe. "Huyu ni ndugu yangu wa Landless," alisema, akitaja kwa dharau mtaa alimoishi Muriithi huko Thika. "Mtamzoea." Watu wakacheka. Muriithi akacheka nao, lakini tangu siku hiyo kila akialikwa mahali alisingizia kazi.

Mwaka uliofuata Njau alifika Makongeni, huko huko Thika, kwenye kibanda ambamo Warigia alishonea nguo. Alikuja na kitambaa cheupe, chepesi, kinachong'aa. Wakwe wa binti yake Emmah walikuwa wanakuja kwake Ruiru, naye alitaka shati ambalo hakuna mwingine angekuwa nalo. Warigia alimpima shingo, akawaza jinsi ile tepu ingeweza kukazwa zaidi.

Siku ya kuchukua shati, Njau aliuliza kwa sauti ya chini avae nini ndani. Warigia alijua vizuri: vesti ya rangi ya mwili, ambayo haionekani hata jua liwe kali vipi.

"Usivae kitu, shemeji," akamwambia. "Kitambaa kama hiki vesti hukiharibu."

Njau alimshukuru kwa moyo.

Warigia alimlazimisha Muriithi aende Ruiru. Mchana joto lilipanda ndani ya hema, Njau akavua koti, akaagiza lipelekwe garini, kisha akachukua maikrofoni kuwakaribisha wakwe. Alikuwa ametota jasho. Shati lilimganda mwilini, likaonyesha kila kitu: nywele za kifua, chuchu, kitovu, mikunjo ya tumbo. Mama mkwe wa Emmah aliinamisha macho. Vijana wakatoa simu. Njau, akidhani wanafurahia maneno yake, akapanua mikono.

Warigia aliangalia bila kupepesa. Raha ilimjaa kifuani. Kisha akamwona Emmah amejifunika uso kwa viganja, akahisi kitu kimemchoma, lakini hakuinuka.

Aliyeinuka ni Muriithi. Alivua koti lake, akapita mbele ya wageni wote, akamvika kaka yake mabegani, akamfunga vifungo taratibu kama anayemvalisha mtoto. Hapo ndipo Njau alipojiangalia.

Baadaye Njau alimfuata Warigia penye masufuria.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

Njau alingoja aombwe msamaha. Warigia alimpakulia mumewe nyama, akachagua kipande kinono, akampelekea. Muriithi alipokea sahani bila kumtazama. Alikuwa ameelewa, naye Warigia aliona kwamba njia nzima ya kurudi Thika hawataongea. Alikaa kando yake hata hivyo, akala, na chakula kilikuwa kitamu.