Nafasi ya Mtu Mmoja

Jani la chai ukilichuma bado halijafa. Linapumua. Lishindilie kwenye gunia, vile vifuko vidogo vidogo vya uhai ndani yake hupasuka, joto linapanda, nalo linakuwa jekundu kabla ya kufika kiwandani. Kepher, mpakiaji wa lori upande wa Sigowet, hakufundishwa hayo na mtu. Ndugu yake Seth alitolewa chini ya majani ya namna hiyo.

Mwaka uliopita Seth alijilaza ndani ya lori kungoja mvua ipite. Kepher hakutazama. Alirusha magunia, akayapanda, akayashindilia kwa miguu ili safari iwe moja. Kiwandani walimkuta Seth amekufa, na mwili wake una joto la majani.

Sasa mvua za El Nino zilikuwa zimeharibu barabara, na lori lilikuja moja badala ya mawili.

"Shindilia, omera!" alisema karani Kipngetich, akimwita ndugu kwa Kijaluo. "Jani halina mbavu."

Kepher alisimama juu ya magunia, mguu ukakataa. Chini yake alisikia pumzi fupi fupi, za mtu aliyebanwa.

"Kuna mtu hapa."

"Kuna kisirani chako hapo," alisema Mama Fancy, mkulima, matope yakimfika magotini. "Majani yangu yakikataliwa, utayachemsha unywe wewe?"

Kepher alishusha magunia yote mpaka sakafu ikaonekana. Hapakuwa na mtu. Akapakia upya, lakini katikati aliacha nafasi ya urefu na upana wa mtu aliyelala, wazi kutoka chini hadi juu. Magunia manne yakabaki nje, mawili ya Mama Fancy. Kipngetich alitukana mpaka akachoka.

Kiwandani majani yaliyoshushwa kwanza yalikuwa mabichi, kijani kitupu. Hewa ilikuwa imepita.

"Kumbe una akili, omera!" Kipngetich alicheka. "Tutapakia hivyo kila siku."

Kepher hakucheka. Alikuwa ameingia katika ile nafasi kushusha magunia ya mwisho, yale yaliyopakana nayo, ambayo upande huo hayakuguswa na kitu njia nzima. Yalikuwa ya moto. Akafungua moja, kisha la pili. Upande ulioelekea nafasi, majani yalikuwa mekundu, yamelala bapa, kama yaliyosukumwa na bega.

Akaweka kiganja pale penye joto.

"Kesho nitakuachia pana zaidi," alisema.