Ncha Mbili za Waya wa Shaba

Kitendawili: mgeni bubu kaingia, mwenye chumba kahama. Umeshindwa? Nipe mji nikwambie. Ni redio.

Mume wa Mama Sindano alipostaafu kazi ya stoo, alianza kuunda kwa mikono yake redio ya masafa mafupi, ya kunasa stesheni za mbali. Majirani wakambandika jina la Mawimbi. Waya wa antena ulitaka dirisha, na dirisha lenye mwanga wa maana lilikuwa moja tu, la chumba alimokuwa akishonea mkewe. Cherehani ikahamishiwa koridoni, chini ya balbu dhaifu.

"Vumilia, mke wangu," alisema Mawimbi. "Siku redio hii itakaposema, chumba chako nakurudishia."

Miaka mitatu ikapita. Redio ikawa inakoroma tu kama mtu aliyevimbiwa. Mama Sindano, fundi wa kusifiwa, akaanza kurudishiwa nguo: mkono huu mrefu, ule mfupi.

Asubuhi moja akifagia chumba cha redio, aliinama akaitazama koili, waya wa shaba uliozungushiwa kipande cha bomba la plastiki, mizunguko mingi chini, michache juu. Akatabasamu. Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini cha cherehani, ukiipachika kinyume, uzi haushiki hata ukanyage pedali mpaka jioni. Na ule waya wa juu ulikuwa umeungwa kinyume.

"Mzee, hizi ncha mbili za waya wa juu hebu zibadilishe," alimwambia mumewe aliyekuwa akinywa chai.

"Hii si gauni."

"Jaribu tu. Kujaribu hakuvunji mfupa."

"Na ulimi je, hauchoki?"

Siku ya tatu Mawimbi alikwenda kwa kinyozi, na dada yake akaja kupimwa gauni.

"Wifi, unashona koridoni kama mpangaji aliyefukuzwa?"

"Si kama. Ndiye mimi."

Mama Sindano akaweka mkasi chini, akaingia chumbani. Akashika chuma cha moto cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya kama alivyozoea kumwona mumewe akikishika, akazihamisha zile ncha, hii huku, ile kule. Akawasha, akazungusha kitasa polepole. Mluzi, kisha sauti ya mwanamke, safi kabisa, ikisoma habari kwa lugha wasiyoijua.

"Kaka yangu kichwa anacho," wifi yake akasema.

Mama Sindano alikuwa akipima kwa macho mahali pa cherehani, karibu na dirisha.

Mawimbi alirudi shingo imejaa poda. Akasimama mlangoni akisikiliza, na uso wake ukachanua kama wa bwana harusi. Halafu akaiona risasi mbichi inayong'aa, na chuma bado kina moto.

"Nani kagusa?"

"Mimi. Nimeziunga kama bobini."

Mawimbi akavuta kiti, akaizima redio. Akaziyeyusha zile ncha taratibu, akazirudisha zilipokuwa mwanzo, akawasha tena. Redio ikakoroma.

"Ile ilikuwa bahati tu," alisema. "Bado haijawa tayari."

"Na chumba changu?"

"Tulikubaliana siku itakaposema."

"Imesema. Wifi yangu shahidi."

Wifi akawa anatazama pindo la gauni lake kama lina maandishi. "Mimi mambo ya mitambo siyajui," alisema.

Mawimbi akawapa mgongo, akatafuta bisibisi. Mama Sindano akarudi koridoni, akamsukumia wifi yake sindano na uzi.

"Nitungie wewe," alisema. "Hapa mimi sioni."