Siku ya Dachesi

Mume wangu Kipkemboi alivunjika paja kwenye mtaro wa shamba letu la majani chai, wiki chache kabla Dachesi hajazaa, na hapo ndipo taabu yetu ilipoanzia.

Dachesi ni farasi. Watu wa Kimulot walikuwa na ng'ombe, kondoo, na punda wa kubeba maziwa. Farasi jike alikuwa kwetu peke yetu, na walitucheka mpaka wakachoka. Kipkemboi alikuwa saisi, mtunza farasi wa wazungu wa kampuni, tangu ujana wake, na kampuni ilipofunga mazizi alikataa saa ya ukutani waliyotaka kumzawadia, akaomba yule farasi jike. Mimi ningechukua saa.

Dume la mazizi hayo lilinunuliwa na mzee Kimotho, mwenye duka la mbegu pale senta. Wawili hao wakaelewana kwa ile njia yetu ya kukopeshana ng'ombe, tunayoiita kimanagan: mtoto wa kwanza awe wa Kimotho, wa pili awe wetu. Huyo wa pili ndiye mume wangu alikuwa akimwota mchana. Alishampa jina, na Dachesi alikuwa amezeeka kiasi kwamba nafasi ilibaki hiyo moja.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na mbili na mambo yake, makabila yakafukuzana. Hakuna aliyemwambia Kimotho ahame, si mbele ya uso wake, lakini mwaka uliofuata aliuza duka, akasema anarudi Nyahururu na dume lake anakwenda nalo. Lori lilikuwa lije mwisho wa mwezi.

Dachesi alizaa Jumapili alfajiri. Mtoto alikuwa wa kahawia, miguu mirefu isiyojua pa kukanyaga, na alisimama kabla sijamaliza kuita majirani. Ila kondo la nyuma halikutoka. Lilining'inia tu, saa za kanisa zikapita, jioni ikafika, bado linaning'inia. Nikamwita shemeji yangu Kipkirui, ambaye kwa mambo ya ng'ombe hakuna wa kumgusa upande wetu wa mto.

"Wacha wasiwasi, Mama Fancy," akaniambia. "Hii kitu inatoka yenyewe. Ukivuta utaharibu."

Akajaza mchanga kwenye gambuti, buti la mpira kuukuu, akalifunga kwenye kondo ili uzito ulivute polepole, kama tunavyowafanyia ng'ombe wetu wote. Likaanguka Jumanne jioni. Tukamshukuru Mungu, na Kipkirui akajimiminia mursik, maziwa yetu ya kibuyu, bila kukaribishwa.

Sasa ugomvi ukawa ni lini Dachesi arudishwe kwa dume. Kipkemboi alikuwa ameniachia maneno: farasi akishazaa hakawii, wiki ya pili tu anataka dume tena, na nisipompeleka hapo lori litaondoka. Kipkirui alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ng'ombe amezaa juzi unampeleka kwa dume? Hata wewe mwenyewe, ndugu yangu alikupa nafasi upumzike! Ngoja miezi tatu."

"Na dume litakuwa wapi miezi mitatu ijayo? Litakuja kwa posta?"

Ilikuwa mara ya kwanza naona mume wangu ana akili kuliko kaka yake, na nilifurahi kupita kiasi.

Alhamisi nikaenda Kaplong, hospitali ya misheni alikolazwa Kipkemboi, kumpasha habari. Alikuwa amelala chali, mguu umeinuliwa kwa kamba, mawe ya uzani yakining'inia mwisho wa kitanda. Nilipomwambia mtoto ni wa kahawia alilia bila haya mbele ya wagonjwa wengine. Kisha akaanza maagizo. Siku ya kumpeleka kwa dume itakuwa Jumatatu, au Jumanne ikichelewa. Nitajua kwa mkia: atauinua na kukojoa kidogo kidogo, na akisikia dume ataita. Mtoto asifichwe, asimame mahali mama yake anamwona, la sivyo Dachesi atapiga mateke. Nilimwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli, na nilijiona saisi kamili.

Nilipoinuka kwenda nikataka kumchekesha. Nikagusa yale mawe.

"Mko sawa wewe na Dachesi. Yeye Kipkirui alimfungia gambuti la mchanga."

"Alimfungia wapi?"

"Kwa kondo. Si lilikataa kutoka? Lilianguka Jumanne."

Furaha ilimtoka usoni, sikuiona tena. Alitaka kuinuka, kamba ikamzuia, nesi akaja mbio.

"Jumapili mpaka Jumanne," akasema. "Mama Fancy, huyo si ng'ombe. Kondo la farasi haliachwi hata mpaka mchana. Unaita daktari hiyo asubuhi. Linaoza ndani, sumu inashuka kwa miguu." Akaniangalia. "Anasimama aje?"

Nikakumbuka kwamba asubuhi ile Dachesi alisimama ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameinyoosha, na Kipkirui akasema ni uchovu wa uzazi.

"Mguse kwato," akasema. "Kama ni za moto, basi."

Nilifika nyumbani nikapiga magoti kwenye matope. Zilikuwa za moto kama sufuria iliyotolewa jikoni sasa hivi. Daktari wa mifugo alikuja kutoka Sotik siku iliyofuata, akachoma sindano, akatuambia tumwagie maji baridi. Kipkirui alibeba maji kutoka mtoni siku mbili. Watu huniuliza kama ninamlaumu. Namlaumu, ndiyo, na najua wazi kwamba Dachesi angekuwa ng'ombe angepona.

Jumatatu lori likaja. Kimotho alilisimamisha langoni petu kwa hiari yake.

"Mama, si mzee alisema wiki ya pili, na ndiyo inaanza leo?" akaniuliza. "Nikamwambia dereva tuanzie hapa. Tumshushe?"

Kabla sijajibu, dume lilikanyaga mbao za lori na kulia. Na Dachesi, ambaye hakuwa amesimama tangu jana yake, aliitika. Aliinua kichwa, akainua mkia, akakojoa kidogo kidogo pale pale alipolala, hasa kama nilivyoambiwa. Akajaribu kusimama. Akajaribu tena. Mtoto wake alisimama mbele yake, mahali anapomwona.

Kimotho alivua kofia. Akasema mtoto nimlee tu, atatuma mtu amchukue baadaye, na lori likapanda kilima kuelekea barabara kuu. Dachesi aliendelea kuita hata baada ya mimi kutolisikia tena. Alikufa Jumatano.

Nilikwenda Kaplong nikiwa sijui nitaanzaje. Kipkemboi hakuniuliza kama yu hai. Alikuwa akiangalia yale mawe mwisho wa kitanda.

"Jumatatu," akasema. "Aliita?"

"Aliita."

"Na mkia?"

"Aliinua."

Akatikisa kichwa kukubali. "Basi siku niliisema sawa."

"Uliisema sawa kabisa, Baba Fancy," nikamwambia, nikamshika mkono, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa.