Siku Tuliyosafisha Jiko la Tempe

Dola sijawahi kuishika mkononi, lakini ndiyo iliyonivurugia nyumba. Soya tunayotengenezea tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, hapa Purwokerto, Indonesia, inatoka Marekani. Mwaka ule wakubwa wa dunia walipoanza kutunishiana misuli kwa ushuru, rupia yetu ikaporomoka, na gunia la soya likawa halishikiki. Mume wangu Karsidi hakuthubutu kupandisha bei, akawa anapunguza unene wa tempe.

“Baba Wulan,” jirani yetu Tumirah, naye mtengeneza tempe, akamtania, “hii ni tempe au ni jani la kufungia tempe?”

Karsidi alicheka naye, kisha akaja ndani akakataa chakula. Soya tuliyobakiza ilikuwa ya kuchemsha mara moja tu. Tukikosa nyingine, ilikuwa lazima amfuate kaka yake Jakarta akabebe zege, na mgongo wenyewe ule unaolia akiinama kufunga viatu.

Ndipo mwenyekiti wa mtaa akatangaza kwamba serikali itawauzia watengenezaji wadogo soya kwa bei nafuu. Afisa angepita nyumba kwa nyumba kuwaona wahusika. Jamani, nilishukuru mpaka machozi!

Basi Karsidi akavamia jiko. Akasugua mapipa ya kulowekea, akayaanika juani. Akafagia maganda yote ya soya, akamwaga maji ya ndimu sakafuni. Nikamwambia tuloweke ile soya, afisa aikute.

“Soya iliyolowekwa inanuka, Mama Wulan. Mgeni wa serikali nimkaribishe kwa uvundo? Utaniaibisha!”

“Huo uvundo ndio unaotulisha, baba wewe!”

Hakusikia. Gunia akalisukumia chini ya kitanda, akavaa shati lake la batiki la harusini.

Afisa alikuwa binti mdogo, Retno, mpole kweli. Tulimkalisha kwenye kiti cha kuazima, tukampa chai na ndizi za kukaanga. Akachungulia jikoni, akatazama mapipa makavu.

“Baba, mnatengeneza tempe kila siku?”

Hapo ndipo nilipotamani kumziba mume wangu mdomo. Sisi watu wa huku tumelelewa kutojisifu mbele ya mgeni, na Karsidi kwa adabu hajambo.

“Ah, mwanangu, kazi gani hii? Vijitempe vya kubahatisha tu.”

Nikamfinya paja. Akatabasamu. Binti akasifia usafi, akaandika, akaaga. Kwa Tumirah alikuta maji yanafika kwenye vifundo vya miguu na mwenye nyumba amejaa maganda mpaka nywelini. Binti hakupewa hata kiti.

Majina yalipobandikwa, Tumirah alikuwemo. Sisi hatukuwemo.

Nilikwenda ofisini mbio, kanga begani, sikuaga mtu. Retno alinitambua.

“Mama, kuna watu wanajifanya watengenezaji, wakipewa soya wanaiuza. Tumeagizwa, jiko lisilo na kazi tusiliandike. Kwenu hata harufu haikuwepo.”

“Alisafisha kwa ajili yako!” Nilipiga kelele, watu wote wakageuka. “Alikuheshimu wewe!”

Akainamisha uso. “Sikujua, Mama. Nisamehe. Orodha imeshakwenda mkoani, sina uwezo nayo tena.”

Ningemtukana, ila alikuwa rika la Wulan wangu. Nikatoka.

Karsidi alikuwa amekaa mlangoni ananingoja.

“Wamesemaje?”

Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumpasha. Nilivyomwona, nikayaacha yote.

“Soya haikutosha,” nikasema. “Wamepiga kura. Hatukuwa na bahati.”

“Basi,” akasema. “Bahati haina mwenyewe.”

Ile soya ya chini ya kitanda tuliichemsha, tukaiuza tempe yake, ikawa nauli. Mapipa yalikwenda kwa Tumirah. Alilia alipokuja kuyachukua, nami nikamgombeza kwamba ananiletea mkosi, kisha tukalia wote wawili.

Stesheni Karsidi hakutaka nimbebee begi. Alipanda treni, akakaa dirishani, akanishika mkono huku wengine wakisukumana mlangoni.

“Mama Wulan, nilikuwa nawaza. Huenda si kura tu, tulipitwa kwa sababu kuta zetu zina masizi. Msaada mwingine ukija, nipigie simu mapema. Nitarudi tuzipake chokaa.”

Nikamwambia, “Sawa, Baba Wulan. Tutazipaka.”