Naibor Akamuliwa Hotelini

Saa saba mchana Hoteli ya Hamidi pale Karatu hujaa mpaka watu wakala wamesimama. Siku hiyo palikuwa na pilau, wali nyama, ugali nyama, na mishikaki ya nje kwa wenye haraka zao. Hamidi mwenyewe alikuwa karibu na mlango anakata ndimu huku akiwakaripia wahudumu, ndipo akaingia mama mmoja wa Kimasai, shuka la bluu, shanga shingoni, kibuyu kimening'inia begani kwa mkanda wa ngozi. Nyuma yake alikuwapo mkwe wake, Sifa, amebeba mtoto mchanga mgongoni. Mtoto alikuwa analia kwa sauti ndogo, ya mtoto aliyechoka kulia.

"Karibuni, yeyo," Hamidi akasema, akimwita mama kwa Kimasai. "Tuwape nini?"

"Hatuli," akajibu yule mama, jina lake Nanyokie. "Namtafuta ng'ombe wangu."

Hamidi hakushangaa. Tangu vigingi vipya vya mpaka wa hifadhi vilipopigwa kule Olbalbal, watu wa namna hiyo walikuwa wanapita. Ng'ombe akivuka kigingi kufuata maji hukamatwa na kufungiwa. Mwenyewe akishindwa kumkomboa, hunadiwa, na mnada ni mnada, anayenunua hana kosa. Hivyo ndivyo Hamidi alivyokuwa akijiambia, na usingizi alikuwa anaupata.

"Mweupe, pembe moja imeinama?" akauliza. "Huyo tulimnunua mimi na wenzangu, tukagawana. Pole sana, mama. Yuko kwenye sahani."

Kweli alikuwa kwenye sahani. Nanyokie akasimama kati ya meza za watu akatazama. Njia nzima tangu Olbalbal, akiwa amebanwa juu ya magunia ya mahindi ndani ya lori, alikuwa amejiandaa kulia. Sasa saa ya kulia ilikuwa imefika na machozi hayakuja. Alihisi miguu imechoka, basi. Wala si kwamba alikuwa na moyo mgumu. Mjukuu wake Lilian alikuwa akiishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo, Naibor, tangu homa ilipokausha matiti ya Sifa, maziwa ya kopo yalikuwa yanamharisha, na bila Naibor hakukuwa na kitu kingine cha kumpa mtoto yule.

Kwa kukosa la kufanya, akamwita ng'ombe wake. Akamwita kama alivyomwita kila jioni, mdomo karibu na sikio, ingawa hapo sikio halikuwapo.

"Naibor. Naibor, mama, shusha."

Kisha akaimba wimbo wa kukamulia, kwa sauti ya chini, asije akawasumbua wanaokula.

Nyama ikashusha maziwa.

Ilianza kwenye sahani ya dereva mmoja wa lori aliyekaa dirishani. Pande lake la mbavu lilitoa maziwa meupe, ya uvuguvugu, yakajaa sahani na kuulowesha ugali. Ikafuata meza ya pili na ya tatu. Huko nje mishikaki ikaanza kudondosha juu ya makaa, jiko likafuka. Dereva akainua mkono.

"Bosi, mimi sikuagiza maziwa."

"Ni ya bure hayo," Hamidi akasema. "Mleteeni ugali mwingine, huo umelowa."

Nanyokie akavua kibuyu begani, akakikinga ukingoni mwa meza. Alipita meza kwa meza akikamua kwa vidole viwili, akisema samahani, na watu wakawa wanamsogezea viwiko apite. Mzee mmoja akamnyanyulia sahani yake ili asiiname sana. Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai. Hawakusema lolote kuhusu ng'ombe wa maskini aliyekwisha kuungwa vitunguu.

Kibuyu kilipofika nusu, Sifa akasita. Kwao maziwa na nyama havikutani katika tumbo moja siku moja. Huo ni mwiko, na hapo maziwa yalikuwa yametoka ndani ya nyama. Nanyokie akampigia simu shemeji yake Ngoitiko, mkubwa wa boma, amuulize: haya ni maziwa au ni nyama? Upepo wa Olbalbal ulisikika kwenye simu.

"Mtoto ana meno?" akauliza.

"Hana."

"Basi ugomvi wa nyama na maziwa haumhusu. Mpeni."

Wakampa. Maziwa yalinukia moshi, lakini hata ya nyumbani hunukia moshi kwa sababu ya kibuyu, kwa hiyo Lilian hakuona tofauti. Alikunywa, akacheua, akalala kwenye benchi la hoteli kati ya dereva na ukuta.

Hamidi alikuwa na binti, Kauthar, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka hoteli, baa na vibanda vya mji na kuonja vyakula mbele ya simu, watu wakamtazama mtandaoni toka Arusha hadi Dar. Hakuna aliyeijua Karatu kwa tumbo kama yeye. Yeye ndiye aliyejua kila pande la Naibor limekwenda wapi, maana karibu yote alikuwa ameyaonja.

"Yeyo, tukazunguke," akamwambia Nanyokie. "Mimi narekodi, wewe unakamua. Kila mtu na lake."

Nanyokie na Sifa wakapata pa kulala kwa binamu yao nyuma ya stendi, na kila asubuhi na kila jioni, saa za kukamua, Nanyokie akawa anaifuata simu ya Kauthar. Mwanamke huyo katika maisha yake hakuwahi kula hotelini. Sasa aliziingia zote. Waliingia kwenye kibanda cha Sikudhani, muuza supu, ambako makongoro yalitoa matone machache mazito na utumbo haukutoa kitu. Waliingia baa ya Tluway, ambako paja zima lilikuwa juu ya jiko. Hilo lilikamulika vizuri, ila walevi walitaka kusaidia kuimba na maziwa yakakata mpaka waliponyamaza. Wakapanda mpaka loji moja ya wageni kwenye barabara ya Ngorongoro, ambako mpishi, Benson, alimpanga Naibor vipande vidogo katikati ya sahani kubwa, na jani juu yake.

"Mama, usiguse jani," Benson akamwambia. "Jani ndiyo bei yenyewe."

Wazungu walipiga picha. Mmoja akauliza kama maziwa hayo yanaendana na mvinyo, Benson akasema yanaendana.

Nanyokie alijifunza kuwa nundu hutoa maziwa mazito kuliko mbavu, na kwamba ini hutoa maziwa ya rangi ya chai, ambayo hakumpa mtoto. Hakuna aliyemfukuza. Watu walimpa pole, wakampa kiti, wakampa soda. Kisha wakaendelea kumla Naibor, maana walikuwa wamelipa, na kila tonge lilipungua kwenye kibuyu cha jioni iliyofuata. Jambo hilo Nanyokie aliliona wazi. Alijaribu mara moja kumwambia mteja mmoja wa Tluway ale taratibu. Yule mtu akamwitikia kwa heshima, akala taratibu, akamaliza.

Jumamosi ikawa siku ya tamasha la vyakula. Mahema yalijaa uwanja wa mpira, spika zikapiga, kila hoteli na meza yake na kitambaa chake. Hamidi alikuwa amenunua kwa wenzake mabaki yote ya Naibor, kilo chache za mbavu zilizotunzwa kwenye friji ya loji, na Kauthar akaandika bango: MBAVU ZA MAZIWA. Nanyokie akakalishwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza, amevaa shanga zake zote. Alikubali kwa sababu moja. Kauthar alimwambia mgeni rasmi ni mtu mkubwa, na kwamba mtu mkubwa akionja, huuliza swali.

Mgeni rasmi akaja na msafara wake. Nanyokie akaimba, mbavu zikashusha, maziwa yakamtiririkia mgeni rasmi kidevuni mpaka kwenye tai. Akajifuta kwa kitambaa. Akatafuna. Akakubali kwa kichwa.

"Ehe, mama. Siri ya upishi huu ni nini?"

Mshereheshaji akamsogezea Nanyokie kipaza sauti. Alikuwa ameyapanga maneno yake usiku kucha, kwa Kiswahili chake cha mnadani, na yakatoka yote bila kukwama.

"Hakuna siri. Huyu ni ng'ombe wangu, anaitwa Naibor. Alikamatwa akiwa anakunywa maji pale ambapo mama yake na bibi yake walikunywa. Hakuna aliyenionyesha kosa lake. Mjukuu wangu hana maziwa mengine. Nauliza, nyinyi mnaomla: kosa lake lilikuwa nini?"

Mgeni rasmi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa makini kabisa. Hakukasirika hata kidogo.

"Ni kweli, mama," akasema. "Hilo ni tatizo. Tena ni tatizo kubwa, na sisi tunalijua." Akageuka kwa Hamidi. "Pilipili ipo?"

Pilipili ilikuwapo. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa mama alikuwa amesema vizuri na mgeni rasmi amejibu vizuri. Hamidi akapewa cheti cha chakula bora. Ubavu wa mwisho aliula mshereheshaji, katikati ya kutangaza washindi, na maziwa yakakatika kwenye kibuyu huku Nanyokie akiwa bado anaimba. Akaendelea kuimba kidogo kwa ajili ya adabu. Kisha akafunga kibuyu.

Wakarudi Olbalbal. Mungu hamtupi mja wake: mtamba aliyezaliwa na Naibor, aliyekuwa amebaki bomani na mimba, akazaa salama. Isaya, mwana wa Nanyokie na mume wa Sifa, alimchunga huyo kwa macho mawili. Lilian akanywa maziwa yaliyotoka moja kwa moja kwenye chuchu, akanenepa mashavu, akaota jino la kwanza. Hayo yalikuwa majuma ya raha, na Nanyokie aliyajua kuwa ni ya raha, ingawa ile raha yenyewe hakuihisi.

Mvua ikakawia. Kisima cha upande wao kikawa tope. Mchana mmoja Isaya akarudi na fimbo mkononi bila ng'ombe mbele yake, akaketi kwenye kivuli cha ukuta wa boma.

"Wamemchukua mtamba," akasema. "Na ndama wake."

Zamani boma lingelipuka. Wanaume wangeshika fimbo, wanawake wangepiga yowe mpaka boma la ng'ambo, na mtu angetumwa mbio akadai ng'ombe kabla jua halijazama. Siku hiyo hakuna aliyesimama. Ngoitiko alimimina chai yake iliyobaki kwenye vumbi. Sifa akaingia ndani, akatoka na kibuyu, akaanza kukisugua kwa majivu, Lilian akiwa mgongoni anatafuna mkanda.

"Wanamuuza hoteli gani?" akauliza.

Isaya hakujua. Ngoitiko akatoa simu, akatafuta namba ya Kauthar.

"Afadhali iwe kwa Hamidi," Nanyokie akasema. "Pale ni karibu na stendi."