Siku Mama Kindness Alipofunga Geti

Kipindupindu kilianzia bondeni, kwenye mashamba ya mpunga, na mwanzoni watu wa Kirua Vunjo, huku mlimani, walikizungumzia kama jambo la wengine. Huko chini ni joto, walisema, na maji yao ni ya mifereji. Huku kwetu maji yanashuka kutoka msituni yakiwa baridi kama barafu, yatamdhuru nani? Kisha muuza dagaa mmoja akazikwa harakaharaka, jeneza limezungushiwa nailoni, na hata ndugu zake hawakuruhusiwa kumwosha. Baada ya hapo hakuna aliyesema tena habari za maji ya msituni.

Wiki hiyohiyo Godwin, afisa afya wa kata, alipita kilabu kwa kilabu na pikipiki iliyojaa tope. Kwa Zita alifika asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia. Zita, ambaye wote walimwita Mama Kindness kwa jina la binti yake wa kwanza, ndiye aliyekuwa na kilabu kikubwa cha mbege, pombe ya ndizi, pale karibu na soko. Mumewe, Davis, alikuwa akipandisha watalii mlimani, na wakati huo alikuwa juu huko ambako simu haishiki.

"Sikiliza vizuri, mama," Godwin alisema bila kuvua kofia yake ngumu. "Kila anayeingia anawe kwa sabuni. Habari ya kuzungusha kata moja ya kunywea mdomo kwa mdomo hakuna tena. Kila mtu na kikombe chake. Anayeumwa tumbo haingii. Na Mungu apishe mbali, akitokea mgonjwa humu ndani, mtu asiondoke mpaka nifike."

"Na wakikataa?"

"Serikali haina askari wa kusimama kila kilabu. Askari ni wewe. Nikikuta mtu hajanawa, simkamati yeye. Nafunga kilabu."

Akamwachia pakiti kadhaa za ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, na kipande cha karatasi chenye namba yake ya simu, akaondoka.

Zita hakuwa mtu wa kupuuza. Siku hiyohiyo aliweka ndoo yenye koki langoni, na sabuni ya mche, na yeye mwenyewe akasimama hapo. Wengi walinawa huku wakitania kwamba Mama Kindness amekuwa padri wa kubatiza. Aliyekataa alikuwa mmoja tu, na alikuwa mtu ambaye Zita angetamani asiwe yeye: Mzee Kornel, kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe wake, ambaye kwa miaka yote alikuwa akipokea kata ya kwanza ya mbege kabla mtu mwingine hajaonja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nipishe."

"Naomba unawe kwanza, baba. Ni amri ya afya."

Mzee aliitazama ndoo, kisha akamtazama yeye. "Mikono hii ndiyo iliyokupokea siku unaletwa kwenye ukoo huu. Leo ni michafu?"

"Si michafu, baba. Ila kila mtu ananawa."

"Mimi si kila mtu."

Mle ndani mazungumzo yalikatika. Zita alihisi macho ya wateja mgongoni kwake. Alitamani kumpisha, ingekuwa rahisi sana kumpisha. Badala yake alibaki amesimama palepale katikati ya lango, akajisikia akisema, "Basi baba, leo sitakuuzia."

Mzee Kornel aligeuka, akaenda kukaa kwenye jiwe nje ya ukuta, mgongo kwa geti, kama mtu anayengoja aombwe radhi. Hakuna aliyekwenda kumwomba. Ndani, mtu mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamke akiachiwa mji peke yake huota mapembe.

Hapo ndipo siku hiyo ilipoanza kuharibika.

Jua lilikuwa limeanza kuelekea magharibi alipoingia Martha, jirani aliyekuwa akimletea Zita ndizi mbivu za kupikia pombe. Alinawa vizuri, akaweka mkungu wake stoo. "Nakimbia," alisema. "Nimeacha mtoto amelala na dada yake, na mtori wa ndizi uko jikoni unachemka." Dada yake huyo alikuwa na umri wa miaka mitano, na mtoto mwenyewe alikuwa bado hajabatizwa. Mumewe Martha alikuwa Pasua, mjini Moshi, kwenye biashara zake za mitumba.

Kabla hajafika getini, kishindo kikasikika upande wa choo.

Wenseslaus, mnunuzi wa ndizi ambaye kila mtu alimfahamu kwa kelele zake, alikuwa ametoka chooni akishika ukuta, na sasa alikuwa chini. Zita alikuwa amemwona akienda na kurudi mara nyingi, akadhani ni pombe. Sasa aliona suruali iliyolowa, na uso uliobonyea ghafla kama wa mzee. Wenseslaus akatapika maji matupu, yasiyo na rangi, yakatapakaa kwenye saruji hadi karibu na benchi la kwanza.

"Juzi ulikuwa wapi?" Zita alimwuliza, ingawa alikwishajua.

"Bondeni," alijibu kwa shida. "Nilipeleka ndizi bondeni."

Benchi likaanguka. Watu walisimama wote kwa pamoja, na wote walitazama upande mmoja. Zita naye aliwaza jambo moja tu: mtu asiondoke mpaka nifike. Alikimbia, akafika getini kabla yao, akavuta komeo, akabana kufuli na kuutumbukiza ufunguo ndani ya blauzi yake.

"Hakuna anayetoka," alisema akihema. "Tumekanyaga hapohapo alipopita. Mkitoka mnaupeleka ugonjwa kwa watoto wenu. Nampigia Godwin."

Alipiga. Simu haikupatikana. Akapiga tena, ikawa vilevile. Akapiga zahanati, na nesi akamjibu upesi: "Mleteni mara moja, msingoje. Mnywesheni ORS njiani." Zita alikoroga pakiti moja kwenye maji yaliyochemka, akapiga magoti kando ya Wenseslaus na kumwinua kichwa. Hakuna aliyesogea kumsaidia. Uwanja ulikuwa umegawanyika: mgonjwa na Zita upande mmoja, na watu wote wamebanana upande wa geti.

Martha alikuja hadi nusu ya njia. "Mama Kindness, mimi nifungulie. Nimeingia sasa hivi tu. Sijakaa, sijanywa."

"Umepita pale chooni, Martha."

"Nimepita stoo!"

"Stoo na choo vina njia moja. Ngoja kidogo, Godwin atakuja."

"Moto unawaka nyumbani kwangu! Unamjua mtoto wa miaka mitano?"

Zita aliujua moto huo na mafiga yake. Hapo ndipo alipokaa kumkanda Martha siku aliyojifungua. Lakini aliwaza, nikimfungulia mmoja nimewafungulia wote, na kesho kila kihamba, kila nyumba na migomba yake, kitakuwa na mgonjwa, na watasema ugonjwa ulianzia kwa Mama Kindness. "Ngoja," alirudia, na sauti yake haikuwa yake.

Eliakim, mwenye pikapu, alikuwa amesimama nyuma ya wengine muda wote. Sasa alisogea. "Nesi amesema apelekwe mara moja, sivyo? Gari la kumpeleka lipo. Ni lile langu, hapo nje. Na dereva umemfungia ndani."

"Utambeba?" Zita alimwuliza. "Nikikufungulia, utambeba?"

Eliakim alimtazama Wenseslaus, akatazama yale maji kwenye saruji, akarudi hatua moja nyuma.

"Unaona," Zita alisema. "Utawasha gari uende zako."

"Basi utatuua wote hapa kwa sababu huniamini?"

Wenseslaus alijikunja, misuli ya miguu imemkaza, akalia kama mtoto. Kelele zikaanza getini. Mwanamume mmoja alilipiga teke. Mwingine akaita, "Mzee Kornel! Upo hapo? Vunja hili kufuli, tumefungiwa na mgonjwa!" Kutoka nje sauti ya mzee ilijibu, nzito: "Nani kawafungia?" Na wote wakajibu kwa pamoja, "Mke wa ukoo wenu!" Mara wakasikia jiwe likigonga chuma, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Baba, acha!" Zita alipiga kelele. "Usishike hilo geti! Wote wameshalishika!"

Jiwe liliendelea.

Hakuna aliyekuwa akimwangalia Martha. Alikuwa ameburuta pipa tupu hadi kona ya ukuta, ule ukuta wa tofali ambao Davis aliujenga kwa ajili ya wezi na kupachika vipande vya chupa juu yake. Zita aligeuka aliposikia pipa likibiringika. Aliona kanga ya Martha imenasa kwenye chupa, kisha akaona kanga peke yake, inaning'inia. Upande wa pili kulisikika kitu kikianguka vibaya, na baada ya hapo mlio ambao uliwanyamazisha wote, hata jiwe la Mzee Kornel likatulia.

Zita hakumbuki alivyoinuka. Anakumbuka ufunguo ukikataa kuingia, na kwamba alisema "ngojeni" kwa mara ya mwisho, na mtu fulani akamsukuma. Geti lilipofunguka, walitoka kama maji. Alisimama na kipande cha sabuni mkononi, akiwaita, "Naweni! Naweni basi, chemsheni maji!" Wachache, labda watu wanne, walisimama na kunawa. Waliobaki hawakutazama hata nyuma.

Martha alikuwa ameketi kwenye tope, mkono wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi, vidole vyake vinachuruzika damu. Zita alimkimbilia.

"Usiniguse," Martha alisema. "Mtu aende nyumbani kwangu. Mtu aende kwa watoto wangu."

Aliyekwenda alikuwa Mzee Kornel. Alitupa jiwe, akaiendea ile ndoo, akanawa hadi viwikoni, kisha akashika njia ya migombani akitembea haraka kuliko mtu yeyote alivyowahi kumwona akitembea.

Eliakim alikuwa amekwishaingia kwenye gari lake na kuliwasha. Zita alimwona akilirudisha nyuma, akafikiri, naam, anakwenda. Lakini pikapu ilirudi nyuma hadi ikagusa nguzo za geti.

"Mlete," Eliakim alisema bila kumtazama. "Nyuma, si huku mbele. Mbele nampakia Martha."

Walishuka kwa barabara ya utelezi, Zita ameketi kwenye bati nyuma, kichwa cha Wenseslaus kwenye mapaja yake, akimnywesha funda kwa funda, na kila funda la tatu likirudi. Kupitia kioo aliona kisogo cha Martha. Hakikugeuka hata mara moja.

Wenseslaus alipona. Alitundikiwa chupa za maji usiku kucha, na kulipokucha akaanza tena kelele zake. Kati ya wale waliokimbia siku hiyo, wawili waliugua baadaye, nao wakapona. Kama walinawa au hawakunawa, kila mtu alikuwa na hadithi yake. Watoto wa Martha walikutwa salama. Mtori ulikuwa umeungua na nyumba imejaa moshi, na yule dada wa miaka mitano alikuwa amemburuta mdogo wake kwenye blanketi hadi nje.

Godwin alifunga kilabu kwa sababu Zita aliwaachia watu waondoke. Siku mbili baada ya hapo, mtendaji wa kata akamwita ofisini kujibu kwa nini aliwafungia. Zita alisimama mbele ya wote wawili.

"Wewe ulisema mtu asiondoke," alimwambia Godwin.

"Nilimaanisha mgonjwa."

"Ulisema mtu."

Godwin aliinamisha macho. Alikuwa kijana, na hakuwa amelala vizuri kwa majuma. "Nilisema mtu," alikubali kwa sauti ya chini, lakini mtendaji alikuwa amekwishageukia jambo jingine.

Jumapili baada ya misa Zita alikwenda kwa Martha. Alimkuta kwenye kibaraza, mkono umefungwa plasta, anajaribu kumweka mtoto kwenye ziwa kwa mkono mmoja. Zita hakusogea kumsaidia. Alisimama penye masale, mimea ya mpaka mwanzo wa kihamba, akangoja.

"Karibu," Martha alisema hatimaye, si kwa ukarimu.

"Martha, nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi? Sema mwenyewe, nikusikie."

"Kwa kukufungia."

Martha alimtazama mtoto. "Nilimsikia akilia, Mama Kindness. Kutoka kwako hadi hapa ni mbali, najua, haiwezekani. Lakini mimi nilimsikia. Ungetunawisha hata kwa fimbo, ningekushukuru. Ungemfukuza kila mtu anayekohoa, ningesema unafanya vizuri. Lakini ulinifungia kama mbuzi, na ulikuwa unanijua."

"Niliogopa."

"Na mimi nilikuwa naogopa. Ila mimi sikuwa na ufunguo."

Ni kweli kwamba Zita aliogopa ugonjwa. Ni kweli pia kwamba aliogopa kilabu kufungwa, na kwamba tangu alipomgomea mzee wa ukoo mbele ya watu, kulegea mbele ya mtu mwingine kulionekana kama kushindwa. Hayo yote yalikuwa ndani ya ule ufunguo, na hakujua namna ya kuyatenganisha.

Nyuma ya nyumba ng'ombe alilia, akalia tena.

"Hajala tangu jana jioni," Martha alisema. "Siwezi kukata majani kwa mkono huu."

Zita alivua viatu vyake vya kanisani, akavipanga kando ya kibaraza, akaikunja sketi yake kiunoni.

"Panga liko wapi?"

Martha alimtazama kama mtu anayepima jibu hilo litamgharimu nini. "Juu ya mlango wa banda," alisema. "Na usikate yale ya karibu na kahawa. Hayo nayaacha yakue."